Sentimita Nne za Sponji

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimekishika kwa mikono yangu! Kiti cha ile pikipiki mpya ya safari ndefu, ile ambayo chama chetu kizima cha waendesha pikipiki kinaibishania tangu picha zake zitoke. Daktari wa Meno ndiye wa kwanza kununua. Kaja karakanani kwangu na kiti kwapani, anataka mshono mwekundu pembeni. Nikamwambia aniachie, nitamshonea. Hakutaka kuniachia! Alikaa nacho mapajani nusu saa nzima, kisha akaondoka nacho. Atakileta, anasema, moyo ukitulia.

Habari zake: kioo cha mbele hakimrushii tena upepo usoni. Uzito umepungua. Skrini inaonyesha ramani. Ila taa za kuashiria kona wamezihamisha. Zamani kila mkono ulikuwa na kitufe chake, sasa vyote viko kushoto, na dole gumba lake la kulia halina habari. Pale kulia wameweka kitufe cha redio, basi kila akikata kona ya kulia anapandisha sauti. Jana kaingia hospitali kwake mahubiri yakinguruma mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. Nimecheka mpaka sindano ikanichoma.

Mume wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Kasema ile si pikipiki, ni redio iliyofungwa magurudumu. Yeye ndiye Kiongozi wa Msafara kwenye chama, mwaka wa kumi na nne huu, na akisema kitu wengi hukirudia.

Wote wanabishana—kioo, taa, skrini, rangi. Mimi nimekaa nyuma ya Mzee wangu miaka ishirini na sita, na nashona viti kwa miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kiti cha nyuma kikoje. Haya. Nashukuru kazi ipo na macho bado yanaona tundu la sindano. Wabishi wote mwisho wao ni kwenye meza yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Mungu ni mkubwa. Naanza na hilo.

Jioni Mzee alikuwa anaigeuza pikipiki uani, injini imezimwa, kama kila siku. Mimi naanua nguo. Goti la kulia likamkataa. Nimeliona likimkataa! Mguu wa kushoto ukatafuta ardhi, vidole tu vikafika, na kilo karibu mia nne zikalala ubavu, naye akashuka nazo. Hakuumia. Kioo cha pembeni kimevunjika, sanduku limekwaruzika, lakini yeye hakuumia! Tuliiinua kwa migongo yetu, mimi na yeye, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mpaka ikasimama. Sijui nguvu zilitoka wapi.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anahema. Kasema hili liishie hapa uani. Nikasema sawa.

Tarehe kumi na mbili Aprili tunakwenda kwa binti yetu. Kilomita mia sita na ushee. Mjukuu wetu wa kwanza, hatujamwona ila kwenye simu. Nilipotaja basi, Mzee aliniangalia kana kwamba nimemtukana mamake. Atakwenda na pikipiki yake, mimi nyuma, kama tulivyokwenda kila mahali tangu tuoane. Na goti likimkataa kwenye mataa, katikati ya malori, nami niko juu? Sitaki hata kuandika. Leo kapona, leo nashukuru.

Jumapili, 9 Februari

Nimepata dawa!

Mzee ni fundi wa lifti. Asubuhi kapigiwa simu, watu wanne wamekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne (wametoka salama, mmoja alikuwa anaimba). Gari la kazini lilipomchukua tu, nikakimbilia uani, nikafungua kiti chake. Nikavua ngozi, nikakata sponji kwa kisu kirefu, nikasawazisha kwa msasa. Sentimita moja. Moja tu! Ngozi ile ile, pini kwenye matundu yale yale. Ningeletewa na mteja nisingejua kimeguswa.

Miguu haifiki chini? Basi kiti kishuke kidogo kidogo. Nikikishusha kwa mpigo mmoja atajua, na akijua atajisikia mzee. Mwanamume mwenye miaka sitini na mbili ana haki ya kuzeeka bila kutangaziwa. Haba na haba hujaza kibaba—basi mimi nakipunguza kibaba, haba na haba vile vile.

Alhamisi, 13 Februari

Hajajua kitu. Kasema tu kwamba leo pikipiki "imekubali". Nimegeukia sufuria ili asione ninavyocheka.

Jumapili, 16 Februari

Sentimita ya pili. Alikwenda kunyolewa. Kinyozi wake hana breki mdomoni—Mungu amzidishie maneno.

Jumamosi, 22 Februari

Chama kilikutana kituo cha mafuta. Daktari wa Meno kaja na mpya yake, na ugomvi ukaanza kabla hajazima injini.

Mchinjaji kazunguka mara tatu, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe mnadani. Kasema taa zimekodoa, na vikanyagio vya miguu vimesogezwa mbele mno, umekaa kama uko kwa kinyozi, utasinzia. Mwalimu, yule mstaafu wa hesabu, kaandika faida upande mmoja wa daftari na hasara upande wa pili, akapata tisa kwa tisa, akakasirika. Dada wa Posta kaipanda, kazunguka mara moja, karudi anatabasamu—nadhani naye ataikimbilia. Mchinjaji kamtupia, "Kipya kinyemi ingawa kidonda!" Wakacheka wote.

Kisha Mzee. Kapanda yake ya zamani, kashusha miguu yote miwili, nyayo karibu zote ziko chini. Akawaambia, tazameni! Mazoezi! Mgongo ukutani, unashuka na kupanda mara thelathini kila asubuhi, na goti limerudi. Mtu mwenye pikipiki nzuri hahitaji redio, anahitaji mazoezi. Mchinjaji kamwomba amfundishe. Hapo hapo, mbele ya pampu, Kiongozi kamwegemeza Mchinjaji ukutani na kumhesabia.

Chai ilinipalia. Lakini niandike ukweli, hakuna anayesoma humu: nilifurahi. Nilimwona Mzee wangu kasimama wima, sauti imerudi, anatania. Nikasema kimoyomoyo, asante kwa kisu changu.

Jumanne, 25 Februari

Ya tatu na ya nne kwa mpigo. Yuko kazini mpaka jioni. Nilijua ni nyingi. Lakini mtu akiona dawa inafanya kazi huongeza kijiko.

Jumapili, 2 Machi

Tulitoka na msafara, kilomita tisini kwenda, tisini kurudi. Kwenda, alikuwa akiimba. Kurudi, kanyamaza. Mara mbili nilihisi mguu wake wa kulia ukitoka kwenye kikanyagio na kuning'inia hewani, anaunyoosha. Kwa kasi ile!

Tulipofika uani hakuweza kuukunjua. Alibaki amekaa juu ya pikipiki, injini imezimwa, ananiambia anaangalia mita. Dakika kumi anaangalia mita! Nikamshusha kama gunia. Goti limevimba, limekuwa moto ukiligusa. Nimelifunga barafu kwa taulo. Tumefika nyumbani salama, na usingizi umemchukua. Asante.

Jumanne, 4 Machi

Nimeona aibu leo ambayo sijawahi kuiona.

Tumekwenda kwa mtaalamu wa viungo. Mwanamke mpole, mikono baridi, haulizi kitu mara mbili. Kamwambia Mzee akae kwenye stuli kama anavyokaa kwenye pikipiki. Kaweka kipimo chake gotini. Kasema goti limelika ndani, na goti la namna hiyo kuliko yote huchukia kukunjwa kwa muda mrefu. Mtu akikaa chini zaidi, na miguu ikabaki juu pale pale kwenye vikanyagio, goti hukunjika zaidi. Kamwuliza: kiti chako kimebadilishwa karibuni?

Mzee kasema hapana, kiti ni kile kile, miaka kumi na moja.

Kanigeukia mimi. Mama, wewe umeona tofauti yoyote?

Nikasema hapana. Kwa mdomo huu huu! Mshona viti wa miaka kumi na tisa, sikufikiria goti. Nilifikiria nyayo tu, zifike chini. Kila sentimita niliyoiondoa kwenye sponji nimemkunjia gotini. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha Mzee wangu kilikuwa kitini, na nilikiweka mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Moyo wa Daktari wa Meno umetulia hatimaye. Kaniachia kiti. Kakipapasa mara ya mwisho akaondoka.

Nilipobaki peke yangu nikakifungua chote, nikakipima. Nilitarajia kukuta kimeshushwa sana. Wapi! Hakijashuka hata sentimita mbili kuliko cha zamani. Walichofanya ni kukibana mbele, pale mapaja yanapopita. Mapaja yakipita karibu karibu, miguu inashuka wima na kufika chini, na kiti kimebaki juu. Na vile vikanyagio anavyovicheka Mchinjaji, kusogezwa kwake mbele ndiko kunakoliacha goti limefunguka. Yule aliyekichora hiki kiti ana mama au baba mwenye goti bovu, naapa.

Nimejaribu kuwaza kama naweza kukibana cha Mzee hivyo hivyo. Haiwezekani. Bati la chini lenyewe ni pana, na tangi linaanza pana pale pale. Sponji halitashinda chuma.

Namshukuru mchoraji nisiyemjua. Lakini kujua kunanidai jambo, na jambo lenyewe nimeliogopa siku mbili hizi. Goti linapona kwa kuwa haendeshi. Jumapili ijayo anataka kuendesha. Nikinyamaza, anarudi kukaa juu ya kosa langu. Nikirudisha sponji kimya kimya, miguu haitafika, ataanguka, na safari hii huenda asianguke uani. Hakuna njia ya kupita pembeni. Lazima nimwambie.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesema.

Baada ya chai, kabla hajavaa viatu. Sikuzunguka. Nimemwambia nimepunguza kiti chako sentimita nne, mara tatu, nikikuvizia utoke. Nilitaka miguu ifike chini. Goti limevimba kwa ajili yangu, na kwa yule mama wa viungo nikadanganya.

Kiatu kimoja kikambaki mkononi. Kisha kasema polepole:

"Kwa hiyo si mazoezi."

Nilijiandaa kufokewa. Kufokewa nakujua, kunapita. Hili sikulijua. Nikaona sura inamshuka, nikakumbuka kituo cha mafuta, Mchinjaji ukutani, mara thelathini. Nikamwambia nisamehe, baba. Kasema amesikia. Kavaa kiatu cha pili, katoka uani akichechemea, kakaa kwenye ndoo akiitazama pikipiki.

Mchana karudi, kala, kaosha sahani yake mwenyewe. Akiosha sahani yake mwenyewe ujue ana hasira. Hata hivyo kaosha na yangu. Nashikilia hilo.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekuta kiti chake juu ya meza yangu ya kazi. Kakifungua mwenyewe. Kasimama kando yake.

"Rudisha."

Nikamwambia nikirudisha miguu haifiki. Kasema anajua. Kasema mwezi mzima ametembea na goti ambalo si lake, sasa anataka kukutana na lake.

Nimekata sponji jipya, nimelipaka gundi, nimelikandamiza. Safari hii hakutoka. Alikaa kwenye stuli ya wateja akitazama kila kitu, na katikati kaniuliza hiyo gundi inanuka hivi kila siku? Nikasema kila siku. Kasema miaka yote hii hakujua navuta nini humu ndani. Kainuka kunifungulia dirisha.

Nilitaka kulia, nikaendelea kukandamiza.

Jumatano, 12 Machi

Gundi imekauka. Tumekirudisha kiti. Mzee kapanda, mimi nimeshika usukani upande mmoja, jirani yetu fundi saa kashika mwingine. Kashusha miguu. Vidole. Vidole tu, na goti linatetemeka waziwazi, mbele ya jirani.

Hakulazimisha. Kashuka. Kamshukuru jirani, kamsindikiza hadi getini, karudi.

Kisha kasema neno ambalo nimelibeba siku nzima. Kasema hofu yake siyo kuanguka. Ameshaanguka, ameinuka. Hofu yake ni kuniangusha mimi. Miaka ishirini na sita nimekaa nyuma na sijawahi hata kugusa lami. Kasema, sijui kama unajua, mama, kwamba hicho ndicho ninachojivunia, si huo uongozi. Mimi sikujua. Ningejuaje? Hakuwahi kusema!

Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia. Kasema na mficha sponji je? Tumecheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi. Nashukuru. Nashukuru kwa kicheko hicho kuliko kitu chochote mwaka huu.

Jioni kauliza, kama anauliza hali ya hewa, duka la zile redio za magurudumu hufunguliwa saa ngapi Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya dukani, kwenye benchi la wateja, daftari juu ya mkoba. Nisipoandika sasa nitasahau yalivyofuatana.

Tumekuja kwa miguu na teksi. Mzee kavaa jaketi lake la Kiongozi, tena kalipiga pasi. Nilimwambia avae shati tu, watu wataona. Kasema waone.

Na wameona! Mchinjaji buchani kwake ni ng'ambo ya barabara. Katoka na aproni, kasimama mlangoni kwake, kisha katikati ya barabara, sasa yuko nje ya kioo cha duka. Simu kashika. Nadhani chama kizima kinajua.

Muuzaji ni binti mchangamfu. Kaanza na skrini. Mzee kamwinulia mkono, taratibu. Kasema mwanangu, skrini baadaye. Kapanda. Kashusha miguu.

Nyayo zote mbili. Visigino, vidole, vyote. Nilisimama bila kujua kama nimesimama.

Kaiondoa kwenye standi mwenyewe. Kaisukuma nyuma, injini imezimwa, kaigeuza nusu duara katikati ya duka, kama anavyoigeuza uani. Nilikuwa nimeshika mdomo. Goti halikumkataa. Karudi pale pale, kakaa. Niliona Mzee anafuta macho kwa mkono wa jaketi, halafu anajifanya anaangalia kioo cha pembeni.

Kisha kaniita. Panda.

Nimepanda nyuma. Katika ubishi wote wa chama, miezi yote hii, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza: hapo nyuma pakoje?

Ningeweza kusema pazuri. Kwa jinsi nilivyokuwa na furaha, uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. Nikasema pabaya. Pafupi, pagumu, panateremka, kilomita mia sita nitashuka sina kiuno. Cha mbele wamekifikiria, cha nyuma wamekisahau.

Muuzaji kasema wateja wengi hawalalamiki. Mzee kamwambia wateja wengi hawajaoa mshona viti. Nikashuka, nikaja hapa kukaa, nikatoa daftari. Sijui kama nimeharibu. Hakusema anaichukua. Hakusema haichukui.

Ila sasa kachuchumaa—hapana, goti haliruhusu, kaketi sakafuni kabisa, jaketi la Kiongozi na vyote—anachungulia chini ya kiti cha nyuma. Anamwuliza muuzaji kinafunguliwa kwa spana namba ngapi. Muuzaji anasema bwana, hii bado ni mali ya duka. Mzee anasema anajua ni mali ya nani, yeye kauliza namba ya spana.

Mchinjaji kaingia! Aproni na yote. Nilidhani kaja kucheka. Mzee hata hakumtazama, kamwambia shika upande huo, kiti kisikwaruze rangi. Naye kashika! Ananong'ona, Kiongozi, na yale mazoezi? Mzee anamjibu kwa sauti ya duka zima kwamba mazoezi yalikuwa mke wake.

Sasa ananiita mimi. Anauliza kama nimekuja na futi ya kupimia. Nimekuja nayo, ipo mkobani. Anasema nije nipime, tarehe kumi na mbili Aprili haiko mbali. Nipime mbele yake, anasema, na kila namba niisome kwa sauti. Naweka kalamu, naenda.